Sura ya Mwisho Iko Benchi la Dirishani

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na ikiwezekana unijibu mapema, kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kusubiri mpaka mitihani iishe. Darasani tunasoma riwaya ya msichana wa umri wetu anayeugua ugonjwa wa akili, na kwa kuwa nakala hazitoshi mwalimu ameifumua nyuzi akagawa sura, kila benchi na sura yake, tukimaliza tunabadilishana, na sisi tulipewa ile ambamo msichana anaacha kuoga, anaacha kula na wenzake, anashinda kitandani akitazama ukuta na kulalamika kwamba kioo kinamsema, nami nilisoma nimeziba mdomo kwa sababu huyo alikuwa dada yangu kabisa, isipokuwa dada anasuka nywele na yule amenyoa.

Katika sura hiyo mama mtu anaficha vioo vyote, basi na mimi nikavificha vyetu nyuma ya kabati, na sasa baba ananyoa ndevu kwa kujitazama kwenye mfuniko wa sufuria na anakwenda kazini na plasta kidevuni. Anauliza, "Nani kaiba kioo?" Mama anajibu, "Mwizi gani huyo aache redio abebe kioo?" Dada peke yake hakuuliza. Jana aliniambia, "Mdogo wangu, zile blauzi zangu chukua tu, mimi sizihitaji tena, ila usimwambie mama." Ni blauzi nzuri lakini sikuzichukua.

Sura ya mwisho iko benchi la dirishani. Mmoja wa wanaokaa hapo anasema msichana anapona na kuwa muuguzi, jirani yake anasema wee, anakufa, na wote wawili wanajulikana kwa kusoma wakisinzia. Je, wewe umeisoma? Anapona? Na kama anapona, walimfanyia nini? Nikijua nitafanya vivyo hivyo, mimi ni mtu wa kufuata maelekezo.

Mwanafunzi wa Benchi la Nyuma

*

Marahaba, binti yangu. Nimemwomba mhariri aitangulize barua yako. Riwaya hiyo sijaisoma, na hata ningeisoma nisingekuambia mwisho wake. Dada yako hayumo humo.

Kioo mrudishie baba yako leo, kabla hajajikata sikio.

Sasa nisikilize. Umenieleza habari za mabenchi na mifuniko kwa ufasaha, halafu lile kubwa ukalipitisha katikati kama si kitu: dada anagawa nguo zake na kusema hazihitaji tena. Anayesema hivyo huenda anafikiria kujiua. Hiyo si siri ya kumtunzia. Nenda kwa mama sasa hivi, umwambie maneno ya dada kama alivyoyasema. Akikujibu ni mambo ya ujana tu, mwambie baba. Baba akisita, mwambie mwalimu. Leo hii apelekwe hospitali akaonwe na daktari wa magonjwa ya akili. Mpaka afike huko asiachwe peke yake, na dawa na visu viwekwe mbali. Muulizeni waziwazi kama anataka kufa. Swali halimwingizii wazo hilo kichwani. Ugonjwa huu hutibika, lakini si kwa kuficha vioo.

Dada atakununia. Mwache anune.

Na blauzi usikubali kupewa. Mwambie utaziazima, moja moja, na kila ukivua utamrudishia mkononi mwake mwenyewe.