Chunjua Zilizodondoka

Puebla, 3 Februari 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na figo ulilonipa linafanya kazi. Kuku wako hawajambo? Shida ni hizi chunjua mikononi. Daktari kazigandisha kwa baridi, kazipaka dawa ya kuunguza, zinarudi tu. Anasema vidonge vinaulegeza mwili usilishambulie figo, basi chunjua nazo zinajistarehesha. Wateja wakiona mikono yangu kwenye unga wa mahindi wa tamale, ninaoufunga majanini na kuupika kwa mvuke, wanahamia kwa Chayo, muuzaji mwenzangu. Nimechoka, Mama!

Binti yako, Araceli

Zacatlán, 20 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima, baba yako mgongo tu. Ulimnyima chakula mjamzito gani? Usinifiche, chunjua haziji bure. Nakutumia utomvu wa mtini, upake. Na vidonge umeze, hata zikuote puani! Kovu langu bado linawasha.

Mama yako, Domitila

Puebla, 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Utomvu wako umenichubua, daktari kanifokea kama mtoto. Wajawazito watatu nimewalisha bure, wakala wakaongeza, chunjua ziko palepale. Eti nivumilie miezi. Yeye anakanda unga? Usinitumie kitu tena.

Binti yako

Puebla, 2 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Baba hajambo? Furahi! Chunjua zinakauka na kudondoka zenyewe, wala sijapaka kitu. Wateja wamerudi. Miguu tu imevimba kidogo, nadhani ni joto la jiko.

Binti yako

Zacatlán, 6 Juni

Araceli,

Salamu baadaye. Umeacha vidonge. Usibishe! Miguu ilikuvimba hivyohivyo kabla sijakupa figo. Mwili wako umeamka, umemaliza chunjua, sasa unalila figo langu. Nilipasuliwa ubavu ili uishi, si ili upendeze mbele ya wanunua tamale. Barua hii anaileta Chucho, dereva wa basi. Atakufikisha hospitali mwenyewe, hata kwa kukubeba. Nami nakuja nyuma yake.

Mama yako

Puebla, 30 Septemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tangu uondoke juzi nyumba imepooza, hakuna wa kunigombeza. Daktari kapima: figo limetulia tangu nivirudie vidonge. Kidonge kimoja atakibadilisha yeye mwenyewe, taratibu, na kugandisha tutaendelea. Nakanda unga na glavu, Chayo ananicheka mpaka anakohoa.

Leo asubuhi nimeona kitu kwenye kidole gumba, kigumu, palepale pa zamani. Nimekitukana, kisha nikakaa jikoni nikalia kwa furaha. Mama, zimerudi.

Binti yako, Araceli