Nilipokwama Nikitafsiri Kanisani

Mpendwa Mercy,

Hamjambo huko Kakamega? Sisi hapa Laini Saba tuko salama. Nyanya yako amepona mguu na amerudi kuuza mboga.

Umeniuliza nilivyojifunza maneno magumu ya Kiingereza. Nilikuwa nayakariri kutoka kwa kamusi, neno na maana yake, nikidhani nayajua.

Mwaka jana mkalimani wa kanisa letu aliugua. Mhubiri mgeni hakujua Kiswahili, na pasta akaniita mimi, ninayetetemeka hata nikisoma matangazo. Nilienda vizuri mpaka mgeni aliposema Mungu anapenda "tenacity". Maana ya kamusi niliikumbuka yote, lakini kwa Kiingereza. Kiswahili hakikuja. Kanisa zima lilikuwa likinisubiri, na nilitamani kukimbia.

"Tuambie tu inakaa aje, inafanana na nini, msichana wetu!" akaita Mama Achieng, anayekaanga samaki kando ya reli.

Nikamwangalia, nikasema, "Mungu anapenda mtu kama Mama Achieng. Mvua ikibomoa kibanda chake leo, kesho bado tunanunua samaki hapo."

Watu wakacheka na kupiga makofi. "Basi napandisha bei!" akajibu. Mgeni akaendelea kuhubiri, nami nikatafsiri hadi mwisho.

Siku hizi nikikutana na neno jipya, namtafuta kwanza mtu wa hapa mtaani anayelifaa. Nisipompata, najua bado sijalielewa.

Auntie yako anayekupenda,
Violet