Mikono Yangu Ilijua

Mdogo wangu Mwende,

Sasa hivi Kioko wangu amesukuma mkono wa shangazi Katunge, aliyetaka kumbeba kwa nguvu. Shangazi akasema, "Huyu mtoto hana adabu." Nimekasirika mpaka nikachukua kalamu. Hapa Kalamba tuko wazima wote.

Umeniuliza kama hilo tumbo lako kukaza ukimwona huyo kijana ni haya tu, na Jumamosi analeta mbuzi za ntheo, zile za kusema wewe ni wake. Mimi pia niliuliza hivyo. Siku mume wangu wa kwanza alikuja kwetu, nilikuwa nachagua ndengu kwa uteo. Alipofungua mdomo tu, mikono yangu ikasimama. Shangazi huyu huyu akacheka, "Bibi harusi lazima aogope." Nikamwamini yeye, nikaacha kuamini mikono yangu. Yaliyofuata unayajua.

Baba Kioko alipokuja, tuliongea mpaka ndengu zikaisha na sikujua.

Kwa hivyo Jumamosi keti karibu naye, uchague ndengu. Mikono ikisimama, hizo mbuzi zirudi kwao. Sasa shangazi ananiita nimlete mtoto amsalimie kwa adabu, na leo nitamwambia kwamba mikono ya mtoto nayo inajua.