Gari Lisilorudi kwa Chaji Moja

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku Japani mwanao ni mzima, baridi tu ndiyo inayoninyima raha. Mama anaendeleaje? Mkono wa kushoto umeanza kushika kikombe? Dada aliniambia kwamba tangu kiharusi kimpate, mnampakia kwenye bodaboda, wewe nyuma umemshikilia, mpaka mjini kwenye mazoezi, mara mbili kwa wiki. Siku ile nilishindwa kula.

Ndiyo maana ulipoomba gari sikubisha. Hapa yadi tunapokea magari yaliyokwisha kutumika, na kazi yangu ni kuyapima betri. Siku moja theluji ilianguka tangu asubuhi, yadi yote ikawa nyeupe. Nikaingia kwenye kagari kadogo ka umeme, nikakawasha. Hakuna mngurumo. Nikafumba macho kidogo, mara niko nyumbani Mungaa: alizeti zimechanua huku na huku, mawe yetu makubwa yamekaa palepale, na wewe unapita nako katikati kimya kimya, hata kanga hawaruki. Mama yuko mbele, amejifunga kitenge chake cha kanisani, anasikiliza ndege. Msimamizi akagonga kioo, akidhani nimelala. Labda nililala kweli.

Sasa tuongee ya kweli. Betri ya kagari hako imezeeka. Nilikaendesha mwendo kama wa Mungaa hadi mjini, kakafika na chaji kidogo imebaki. Kwenda kanakwenda. Kurudi bila kuchaji, utalala njiani. Ule utani wako wa kubeba umeme wa akiba kwenye dumu niliwasimulia wenzangu, wakacheka siku nzima.

Lipo pia la haibridi, linalokunywa petroli na kujichaji lenyewe likitembea. Hilo linakwenda na kurudi bila kumuuliza mtu. Ulisema kwenye simu, "Nitafutie hilo, mwanangu. Sitaki gari la kunisimamisha kwa watu."

Baba, nilijua ni watu gani. Ni mtu mmoja: Shangazi Veronika, dada yako, pale Unyambwa, karibu na mji, kwenye nyumba yenye umeme kama yetu. Tangu umzike bibi, mama yenu, bila kumsubiri yeye, aliyemuuguza miaka yote, hamjasalimiana. Mnapishana mnadani kama wageni. Mama akimaliza mazoezi anakaa juani kwenye benchi la hospitali, na wifi yake yuko karibu, amepika.

Kwetu mtu hapiti mlango wa ndugu bila kuonja chochote. Wewe ndiye uliyenifundisha. Na gari la umeme likichaji halina haraka: ugali utaiva, utaliwa, Mama atajinyoosha kitandani, jua litapungua ukali. Nimeyaona haya mara nyingi nikifuta theluji kwenye vioo.

Nikampigia Shangazi. Nikamwomba gari lichajiwe kwake Mama akitoka mazoezini. Akasema, "Nitaita fundi aweke soketi ya nje, yenye waya wa ardhi, upande wa kivuli. Lakini mimi simchajii gari mtu asiyenisalimia. Baba yako aje aombe mwenyewe."

Nisamehe, Baba. Naogopa kuandika haya. Gari lililopakiwa melini ni la umeme. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki. Ila Mama atakuwa amekaa pembeni yako, amechoka, na njia ya kumrudisha nyumbani inapitia kwa dada yako.

Mwambie Mama nafanya mazoezi pamoja naye kila asubuhi, nikinyoosha mkono ule ule. Dada yangu anayemwogesha, namshukuru kwa moyo wote. Jirani yetu wa bodaboda mpe asante, alimbeba Mama kama yai. Salamu za Shangazi siziandiki hapa. Utazipeleka wewe, mlangoni kwake.

Mwanao anayekupenda na kukuogopa,

Paskali