Mashangazi wa Émérance na kitufe cha makala

Janvier, niko nacheka peke yangu humu jikoni.

Unakumbuka kile kitufe nilichotengeneza, ulichosema hakina faida? Unabonyeza mara moja, muuzaji wa Birere analeta gunia la makala ya kupikia.

Leo mashangazi watano wa muchumba wangu Émérance walikuja kuona kama nitaweza kumutunza. Nikawaonyesha kitufe. Nilisahau kukizima. Kila mumoja akabonyeza. Kila mumoja, Janvier!

Chai haijaisha, chukudu tano, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikasimama mulangoni, kila moja na gunia lake. Nikakosa pa kuficha uso.

Kisha Mama Charline, mukubwa wao, akaniuliza polepole: "Papa, na mbuzi wa mahari tunabonyeza wapi?"

Wakacheka mpaka machozi. Ndoa wameikubali, na makala yote wameondoka nayo.