Maswali Waliyomuuliza Mzee Issa

Ruponda, Nachingwea
Juni 2004

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inasemaje na baridi ya Njombe? Mimi mzima, ila wiki nzima moyo unaniuma na hapa zahanati sina wa kumwambia.

Jirani yangu Mzee Issa ana ugonjwa wa kutetemeka, ule madaktari wanaouita Parkinson. Mkewe, Bi Somoe, ndiye anayemfunga vifungo na kumnywesha uji. Basi wakaja madaktari, wametokea Ruangwa, kupima wagonjwa wa namna hiyo wanaishije. Dawa zilikuwa chache, wapewe waliozidiwa zaidi. Nikafurahi, nikamsihi mzee aseme kweli tupu.

Siku ilipofika akavalishwa kanzu, akawapokea wageni. Mimi nikauliza, daktari akaandika.

“Kuvaa nguo kunakusumbua?”

“Alhamdulillahi, navaa.”

“Na kula?”

“Nakula, namshukuru Mungu.”

“Unaona aibu mbele za watu?”

“Aibu ya nini, wanangu? Karibuni tu.”

Mama, huku mtu halalamiki mbele ya mgeni aliyeketi kwake, anaona ni kumnung'unikia Mungu. Nikamtazama Bi Somoe aseme yeye, akainama chini, maana mke hampingi mumewe mbele ya wageni. Nikamwambia daktari, “Huyu hajiwezi, namjua.” Akanijibu kwa upole kwamba kinachopimwa ni jinsi mgonjwa mwenyewe anavyoyaona maisha yake. Hata mimi chuoni nilifundishwa hivyohivyo. Wakajumlisha majibu, ikaonekana anaishi vizuri. Dawa zikaenda kwa wagonjwa wa Nambambo.

Nilimkasirikia huyo mzee, sikufichi! Halafu nikimwona mkewe anamfuta mate, hasira zote zinaniisha nabaki mnyonge.

Nisalimie Baba, kaka na wifi, na shangazi mwenye maneno mengi mwambie nimemkumbuka. Likizo sijui, muuguzi hapa ni mimi peke yangu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini sasa hivi Mzee Issa kaja, kashikiliwa na mkewe, ananiuliza dawa yake italetwa lini. Nikamwuliza, “Baba, mbona siku ile ulisema hujambo?”

Akanishangaa. “Nesi, mgeni anakusalimu utamjibu nini? Si walikuwa wananiona?”

Nimemwambia asubiri, mama.

Mwanao,
Neema