Risasi Nilizomchagulia Elia

Mnazi,
Wilaya ya Lushoto

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Mihambo Kasele,

Shikamoo baba. Na mama shikamoo, aipokee huko huko jikoni aliko. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na mguu wako umepunguza kukusumbua. Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilikufikia, au alijichua nayo mwenyewe? Mvua za Tabora zimeanza? Sisi huku hatujambo, ila joto. Najua Nyamizi mdogo wangu ndiye anayekusomea. Basi Nyamizi, soma polepole wala usiruke mstari, hata pale ninapojisifu. Leo nitajisifu sana.

Kwanza mjue tumehama. Mara ya mwisho niliandika nikiwa Gare kwa wakwe zangu, kwenye baridi na ukungu unaoingia mpaka chumbani bila hodi. Sasa tuko Mnazi, huku chini upande wa nyika, kwa sababu Elia amepata kazi ya askari wa wanyama. Serikali imempa kofia, bunduki na sanduku la risasi ili alinde mashamba. Watu wa hapa wanalima mahindi, halafu pofu, wale wakubwa kama ng'ombe, na kongoni wanatoka porini kuyavuna kabla ya wenyewe. Kazi yenyewe ni ya majaribio, na mwenye kuamua ni Bwana Nyama, mzungu wa idara ya wanyama anayekaa Lushoto. Mama mkwe ameshuka nasi kutoka Gare. Yeye anasema amekuja kunisaidia, mimi nasema amekuja kunichunga, na tunapikiana vizuri tu.

Baba, mwanzo ulikuwa mbaya. Elia alimpiga kongoni, akakimbia na jeraha lake. Wiki iliyofuata akampiga pofu dume. Risasi ikampita, ikatokea upande wa pili na kumvunja mguu jike aliyesimama nyuma yake, na wote wawili wakaingia porini. Siku tatu walifuata damu bila kuwapata. Mzee Sefu, mchinjaji wa hapa, kila akisikia mlio alikuwa anakimbia na kisu chake, kisha anarudi na kisu kikavu, na watu na makapu yao matupu nyuma yake. Ndipo ikaja barua kutoka Lushoto. Mnyama mwingine mmoja akijeruhiwa na kupotea, bunduki irudi boma na Elia arudi kwao. Mwisho wa mwezi Bwana Nyama angekuja kutazama kwa macho yake.

Elia ana shabaha, hilo nalijua tangu alipokuwa askari hapo kambini Tabora. Kwa hiyo nikamwuliza anatumia risasi gani. Akanionyesha: ncha ngumu, imefunikwa chuma chote, risasi ya vita.

"Hizi ndizo nilizopigia Burma," akasema. "Hazijaniangusha hata siku moja."

"Kwani huko Burma ulikuwa unamla adui?" nikamwuliza.

Alininunia mpaka jioni. Lakini mimi nilikuwa nakusikia wewe, baba. Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa mkekani kukusaidia kupangusa risasi za mabwana zako, wale wazungu wawindaji? Ulikuwa ukinieleza kwamba ngumu ni ya tembo na kifaru, wenye mwili wa kuizuia. Kwa mnyama wa nyika inapita kama mgeni mwenye haraka, inaacha tundu dogo, na mnyama anakwenda kufia mbali. Ya mnyama huyo ni laini, ile iliyoachwa wazi nchani, inayopanuka ikiingia na kukaa humo humo. Wakati ule nilidhani unazungumza peke yako ili kazi iende.

Sasa kuna kanuni. Imeandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku kwamba askari peke yake ndiye agusaye risasi za serikali. Niliisoma yote. Kisha, Elia alipokwenda kwa jumbe wa kijiji, nikazimwaga risasi zote kwenye ungo na kuanza kuzichagua.

Mama mkwe akaingia na kuni zake. "Kalunde! Unachagua mchele au unachagua kufungwa?"

"Nachagua kazi ya mwanao, mama."

"Kwetu mwanamke hagusi vyombo vya msasi anayekwenda kuwinda. Mgosi wako atarudi mikono mitupu!"

"Mbona amerudi mikono mitupu mara mbili na sijagusa kitu?"

Akasimama pale na kuni kichwani. Baadaye akazitua, akavuta kigoda, akauliza mbovu ni zipi. Nikamwonyesha: yenye kutu ya kijani kitakoni, yenye ganda lililobonyea, na yenye ncha inayocheza ukiizungusha kwa vidole. Macho yake makali kuliko yangu. Alizitoa kumi na mbili kabla sijamaliza upande wangu wa ungo.

Katika zilizobaki, ngumu zilikuwa nyingi, na laini zilikuwa za namna mbili. Kuna zile za kichwa kikubwa kilicho wazi, na kuna nyingine chache, nzito, zilizofunikwa karibu zote na kuachiwa alama ndogo tu nchani. Elia aliporudi aliogopa kwanza, akafunga mlango, akakasirika, akafungua mlango. Mwisho akasema, "Haya, nipe hizo zako."

Nikampa za kichwa kikubwa. Kesho yake asubuhi akampiga kongoni moyoni, akaanguka pale pale, hakupiga hata hatua moja. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akadhani nimejifungua. Kumbe nilikuwa nashangilia kosa langu. Mzee Sefu alifika akihema, akainama, akamgusa mnyama jicho, akakirudisha kisu alani.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "huyu amekwisha kufa. Hii ni nyamafu. Sisi hatuli."

Watu wengi wa Mnazi ni Waislamu, baba. Wao ndio walioliwa mahindi, na wao ndio waliorudi na makapu matupu kwa mara ya tatu. Nyama tukagawana sisi nyumba tatu za Wakristo. Jumbe akasema bila kuficha kwamba Bwana Nyama akija, atamwambia watu hawaoni faida ya askari huyu. Elia hakunilaumu, na heri angenilaumu.

Niliona aibu kwa sababu hili pia ulinifundisha. Nani asiyemjua Bakari wako, mchinjaji wa safari zenu za kuwinda, aliyekuwa akitangulia na kisu kabla moshi haujaisha? Ulikuwa ukisema ukipiga kwa ajili ya watu wote, vunja bega. Mnyama anashindwa kwenda, lakini pumzi anayo, na mwenye kisu anamwahi. Nikarudi kwenye ungo. Bega la pofu ni mfupa mnene, na ile risasi ya kichwa kikubwa ingesambaratika juu yake na kuacha kidonda cha bure. Ngumu ingepita na kumjeruhi wa nyuma tena. Zikabaki zile chache nzito zenye alama ndogo nchani, za kuvunja mfupa kwanza na kupanuka baadaye. Nikazipangusa tano, nikamfungia Elia kwenye leso yangu. Nikamwambia, "Begani, chini kidogo, na usipige mpaka Mzee Sefu awe karibu."

"Leo nina mabwana wawili," akasema, lakini leso akaipokea.

Bwana Nyama alikuja na gari lake asubuhi ile pofu walipokuwa wangali shambani, kama kumi hivi, wamesimama kwenye mahindi kama wamepanda wao. Sisi wanawake tuliwekwa mbali, kwenye kijia. Mama mkwe alinishika mkono na hakuuachia. Nilimwona Elia ametambaa mpaka karibu, na Mzee Sefu nyuma yake, kanzu ameikunja kiunoni. Elia alingoja. Alingoja mpaka nikaanza kumtukana kimoyomoyo. Dume likajitenga na wenzake, hakuna aliyesimama nyuma yake, ndipo bunduki ikalia. Baada ya mlio nikasikia ile "pu" ya risasi kuingia mwilini, uliyonifundisha kuisikiliza. Pofu akapiga magoti. Akajaribu kuinuka, akashindwa. Wengine wakatimka porini wazima wote.

Baba, ungemwona Mzee Sefu! Mvi zile na magoti yale, alikimbia akaacha kiatu kimoja kwenye tuta. Tukasikia bismillahi yake kutoka kule tulikosimama, na damu ikatoka kwa nguvu, damu ya mnyama hai. Wanawake wote wa kijia walipiga kelele kwa pamoja. Siku ile hakuna kapu lililorudi tupu Mnazi, la Mwislamu wala la Mkristo, na la mama mkwe lilikuwa la kwanza kujaa.

Walipokuwa wakichuna, Bwana Nyama aliitafuta risasi mwenyewe. Aliikuta chini ya ngozi ya bega la pili, imefunguka kama uyoga. Akaiosha, akaigeuza mkononi, akamwita Elia mbele ya jumbe na watu wote.

"Nani alichagua risasi hii?"

Elia angeweza kusema ni yeye. Kazi ingekuwa yake na mimi nisingemlaumu, maana kanuni sote tuliijua. Akasimama kiaskari, akasema, "Mke wangu, bwana."

"Kanuni inasemaje?"

"Askari peke yake, bwana. Nimeivunja mimi, nilimruhusu. Lakini nilipokuwa naishika, nilikuwa nawavunja wanyama miguu."

Mimi niliona kazi imekwenda, na hata hivyo, baba, sikuwahi kumpenda mtu huyu kama dakika ile. Bwana Nyama akaagiza niitwe. Akamwaga risasi juu ya boneti ya gari lake, zake na za Elia, zote pamoja.

"Nipe ya pundamilia." Nikampa. "Ya kifaru." Nikampa ngumu. "Ya swala mdogo, nyama isiharibike." Nikamwambia swala mdogo nampigia hiyo hiyo ngumu, maana inapita bila kupasua nyama na mwili wake mdogo haumfikishi mbali, ila asisimame mwenzake nyuma. Akacheka kidogo. Akachukua moja mwenyewe, akanipa. Nikaizungusha, ncha ikacheza, nikaiweka kando bila kumwuliza.

Akazikusanya risasi zake. Bunduki ya Elia akaichukua, akamrudishia kwa mikono miwili, akamwambia majaribio yamekwisha, yeye ni askari wa Mnazi. Sanduku la risasi akanikabidhi mimi. Juu ya kanuni alisema ameandika nyingi, na nyingine anaweza kuzisahau.

Sasa nisalimie shangazi yangu mfinyanzi, mwambie chungu chake kimefika Mnazi kizima. Nisalimie mjomba mwinjilisti na familia yake, na dada yangu mkubwa aliyeolewa Sikonge, na Bakari wa kisu kama bado anapita hapo nyumbani. Mwambie kuna mzee huku anayekimbia kumzidi. Elia anakuamkia sana, mkwe wako. Mama yake naye anasema mlimfundisha binti kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Limebaki moja, nalo Nyamizi umsomee baba mara mbili. Bwana Nyama aliniuliza nani amenifundisha. Nikataja jina lako lote, kwa sauti, mpaka wa nyuma wakasikia. Akatoa kitabu chake akaliandika. Kisha akauliza, "Alikuwa boi wa bunduki wa nani?" Najua ndivyo walivyoandika mabwana wote kwenye zile barua ulizozitunza kwenye kopo, boi wa bunduki, miaka yote ile. Nikamjibu, "Hakuwa boi, bwana. Ni fundi wa risasi, yuko Tabora." Akanitazama, kisha akaandika hivyo hivyo. Sikuondoka pale, baba, mpaka nilipoona wino umekauka.

Ni mimi binti yako,
Kalunde